Kumpeleka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hosteli Mombasa: hatua kwa hatua

Kila vyuo vinapokaribia kufungua, maswali ni yale yale. Godoro tulibebe kutoka nyumbani? Blanketi ngapi? Jiko la gesi linaruhusiwa? Tukishuka stesheni ya treni ya Miritini usiku tufanyeje? Nimeyajibu kwa simu, nikayajibu barazani, sasa nayaweka mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe unayempeleka: mama, baba, kaka mkubwa, au shangazi aliyetwikwa kazi kwa sababu tu anakaa Mombasa. Mwanafunzi naye asome, maana nusu ya kazi ni yake.

Shika hili moja kabla hatujaendelea: nendeni na vitu vichache, mkione chumba, kisha ndipo mnunue. Mombasa ni mji wa biashara. Hakuna kitu cha chumbani kisichouzwa hapa, na vingi ni kwa bei ya kuzungumza. Wanaotaabika siku ya kwanza ni wale waliohama na nyumba nzima, wanapandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu na jua la saa saba liko utosini.

Vya kuwa navyo kabla ya kusafiri

Karatasi kwanza, zote kwenye faili moja isiyopenya maji:

- barua ya kujiunga na chuo
- kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa kama kitambulisho hakijatoka
- matokeo ya KCSE na cheti cha kumaliza shule
- fomu ya daktari, imejazwa na kupigwa muhuri
- risiti za karo na za hosteli
- picha ndogo za pasipoti
- uthibitisho wa kujisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024

Toa nakala tatu za kila karatasi huko huko nyumbani. Siku ya usajili, foleni ya fotokopi nje ya lango huwa ndefu kama ya usajili wenyewe.

Mizigo: begi moja la nguo, begi la mgongoni la laptopu na faili, shuka mbili, foronya, leso mbili au kikoi, taulo, ndara za bafuni, kufuli mbili, futi ya fundi cherehani, kamba ya nailoni mita kumi hivi, na dawa kama anatumia. Pesa ziwe kwenye simu, na noti ndogo ndogo mfukoni kwa hamali na tuktuk.

Blanketi zito liache. Najua mama wa Limuru au Nyandarua hatanisikia, lakini liache. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, watu hapa wanalala juu ya shuka, hawajifuniki. Hata Julai, upepo wa kusi ukipoza usiku, leso iliyokunjwa mara mbili inatosha. Blanketi litakaa chini ya kitanda mwaka mzima likila unyevu, na masika ikifika litaota ukungu.

Kama mnakuja kwa treni ya SGR, kumbuka mizigo inakaguliwa kabla ya kupanda. Kisu cha jikoni na mtungi wa gesi havipiti. Nimewaona wazazi wakibishana na askari juu ya kisu cha kukatia mboga, na kisu kinabaki stesheni.

Hatua zenyewe

1. Hakikisha kitanda kipo. Kuitwa chuo ni jambo moja, kupata kitanda ni jingine. Vyuo vingi nchini vina wanafunzi wengi kuliko vitanda, na hosteli huombwa mapema kwenye tovuti ya chuo kwa namba ya usajili. Mwanafunzi aombe siku ile ile nafasi zinapofunguliwa, alipe kwa njia iliyoandikwa kwenye barua ya chuo na si nyingine, kisha achapishe uthibitisho. Picha ya skrini pekee haitoshi: simu huzima chaji.

Mkikosa ndani ya chuo, mtatafuta hosteli ya nje. Hapo jihadharini na dalali wa simuni. Anatuma picha za chumba kizuri chenye feni, anasema kimebaki kitanda kimoja, tuma nusu ya pesa kwa M-Pesa akushikie. Usitume. Kama huna mtu Mombasa wa kwenda kukitazama, njoo mwenyewe siku mbili kabla, lala kwa jamaa au gesti, uzunguke. Tangazo la vyumba hapa liko kwenye vibao vya mageti na midomoni mwa wenye maduka ya mtaa. Muulize muuza mboga wa karibu na chuo, anajua nani amehama na kwa nini.

2. Panga kufika asubuhi. Saa mbili asubuhi uwe langoni. Kwa hiyo mtokao mbali fikeni siku moja kabla. Treni ya alasiri kutoka Nairobi inakufikisha Miritini gizani, na Miritini iko nje ya kisiwa: bado una safari ya matatu au teksi mpaka mjini. Mabasi mengi ya bara hushusha Mwembe Tayari. Wanaotoka Lamu, Malindi na Kilifi hushukia barabara ya Abdel Nasser na maeneo ya Buxton, ambako Tudor ni jirani tu. Wa Kwale na Lunga Lunga watavuka feri ya Likoni. Mwenda kwa miguu halipi, ila na begi kubwa subirini umati wa kwanza upite, msisukumane mlangoni.

Epuka Ijumaa mchana. Kati ya saa sita na nusu na saa nane maduka mengi hufungwa kwa swala, na utajikuta na chumba kitupu na jiji limekaa kimya.

3. Patana na tuktuk kabla ya kupakia. Kwa mizigo ya mwanafunzi mmoja tuktuk inatosha, na inaingia vichochoro ambavyo teksi haziingii. Taja mahali kamili. Kwa TUM, yaani Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, sema "TUM, Tudor". Kabla ya kuwa chuo kikuu kamili 2013 kilikuwa na jina la politekniki, na madereva watu wazima bado wanakiita "Poli". Uliza hivi: "Kaka, watu wawili na begi mbili mpaka ndani ya geti la hosteli, ni ngapi?" Neno la muhimu ni *ndani*. Usipolisema, utashushwa barabarani na hamali atakuwa ameshashika begi lako.

Hamali si mtu mbaya. Akikusaidia, patana naye pia kabla, na ukimkuta ni mtu mzima mwite mzee au baba, usimwite "wewe wa mkokoteni".

4. Usajili afanye mwenyewe. Wazazi wengi wanakosea hapa kuliko kokote. Mpe faili, mpe kalamu, mpe maji ya kunywa, wewe tafuta kivuli cha mwarobaini ukae. Atasukumwa kutoka dirisha hili hadi lile, ataambiwa hiyo fomu si ya hapa, atarudi na jasho. Muache. Wiki ijayo atazirudia foleni hizo hizo peke yake, na atakuwa anamjua karani wa dirisha la tatu kwa sura. Ukimfanyia wewe, utakuwa umejifundisha wewe njia za ofisi za chuo, na wewe kesho uko kwenye basi.

Kazi yako pale ni moja: kukumbusha asitoke na karatasi halisi zikiwa zimebaki mezani. Ofisi ikihitaji kubaki na kitu, ibaki na nakala.

5. Kagua chumba kabla ya kusaini. Msimamizi wa hosteli atatoa fomu inayosema mwanafunzi amepokea kitanda, kabati, meza, kiti, balbu, dirisha zima. Kilichovunjika kisipoandikwa leo, siku ya kuhama atalipa yeye. Basi zunguka na simu, piga picha kila kitu, hasa:

- kioo cha dirisha na wavu wake
- bawaba na komeo la kabati
- soketi: ina doa jeusi la kuungua?
- choo na bafu la korido: kuna bomba linalotoa maji sasa hivi, au kuna pipa tu?
- kitanda, kwa tochi ya simu

Hilo la kitanda lifanye kwa utaratibu. Angalia kwenye maungio ya vyuma na nyufa za mbao. Ukiona vitone vyeusi kama vya kalamu vimejipanga, au maganda mepesi ya rangi ya kahawia, hao ni kunguni. Mwambie msimamizi pale pale, na godoro lisiingie mpaka kitanda kishughulikiwe.

6. Pima kitanda, ndipo uende kununua godoro. Vitanda vya hosteli ni vyembamba: vingine futi mbili na nusu kwa sita, vingine tatu kwa sita. Na hosteli nyingine zinatoa godoro, kwa hiyo soma barua kwanza. Toa ile futi ya fundi, pima urefu na upana wa ndani ya fremu, andika.

Kama ni deka, yaani kitanda juu ya kitanda, na amepewa cha juu, pima pia kimo cha ule ukingo wa kuzuia mtu asidondoke. Watu hununua godoro nene kwa mapenzi, inchi nane, kisha likiwekwa ukingo unazama na mtoto analala kama yuko juu ya meza. Kwa kitanda cha juu inchi nne za godoro gumu zinatosha. Ulibonyeze dukani kwa goti, si kwa kiganja: goti likigusa ubao, mgongo nao utagusa kufikia muhula wa pili.

Maduka ya magodoro yako kote mjini na Kongowea. Uliza bei maduka matatu kabla ya kutoa pesa. Ndoo, beseni, henga na vyombo vitafute sokoni Kongowea au Majengo kabla ya kufikiria supamaketi. Mto mpya nunua. Usichukue wa mitumba.

7. Funga neti. Neti ya duara inataka ndoano darini, na dari ya hosteli huruhusiwi kuitoboa. Nunua ya mstatili. Wa kitanda cha chini azifunge pembe nne kwenye vyuma vinavyobeba kitanda cha juu. Wa juu atahitaji kamba: zungusha ile nailoni kutoka nondo ya dirisha hadi bomba la pazia au kabati, ining'inize hapo. Upindo wa neti uchomekwe chini ya godoro kuzunguka pande zote. Neti inayoning'inia wazi ni chumba cha mbu.

8. Tengeneza mambo ya maji siku hiyo hiyo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mgeni anafikiria chakula na mwenyeji anafikiria maji.

Maji ya bomba ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na hayaji kila siku kila mtaa. Pengo linazibwa na visima, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Kwa hiyo chumbani mnatakiwa muwe na maji ya aina mbili, na yasichanganywe.

Ya kuoga, kufua na chooni: mtungi mmoja wa lita 20, ndoo yenye mfuniko, na kata. Yakiwa ya chumvi yanafaa tu, ila sabuni ya kipande itamsumbua. Akipaka mkononi haitoi povu, inabaki inanata kama nta. Atumie sabuni ya maji au ya unga, na nguo nyeupe azisuuze mara ya mwisho kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Ya kunywa: mtungi tofauti, autie alama, ujazwe kwenye duka la maji yaliyosafishwa. Karibu kila mtaa unalo. Asinywe ya bomba la korido bila kuchemsha au kutia dawa, hata kama wenzake wa mwaka wa tatu wanakunywa na wako hai.

Mfuniko nimeutaja makusudi. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyokaa wazi, na huuma mchana, wakati neti imekunjwa. Homa hiyo imelipuka Mombasa zaidi ya mara moja, ikiwemo 2013 na 2017. Ndoo ifunikwe, na kopo la dirishani limwagwe.

Maji ya moto ya kuoga asahau. Saa nane mchana, tangi jeusi la juu ya paa likishapigwa jua, bomba lenyewe linachoma.

9. Stima kwa adabu. Soma kanuni za hosteli kabla ya kununua chochote chenye plagi. Koili ya kuchemshia maji, jiko la stima na pasi vinapigwa marufuku sehemu nyingi, na vinanyang'anywa kwenye msako. Sababu ni nyepesi: birika la wati 2,000 kwenye stima ya volti 240 linavuta zaidi ya ampea 8, na watu wanne wakichomeka kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi, waya unaanza kuyeyuka. Nunua ekstensheni nzito yenye fyuzi, moja, ya laptopu, simu na feni ndogo ya mezani. Feni ndiyo pesa nzuri kuliko zote utakazotumia siku hiyo.

Gesi kwenye hosteli ya chuo, hapana. Kwa chumba cha nje muulize mwenye nyumba, na mtungi ununue huku.

10. Kufuli na dirisha. Moja ya kabati, moja ya mlango. Hewa ya bahari inakula chuma, kwa hiyo chagua ya shaba. Ufunguo wa ziada usikae chumbani. Ukae kwako au kwa jamaa wa mjini. Laptopu isiachwe mezani karibu na dirisha hata ghorofani. Vijana wa kuvua vitu kwa fimbo na ndoano hawahitaji mlango.

11. Chakula. Hili litajipanga. Siku hiyo kula naye karibu na chuo ili ajue pa kupata chai na mahamri asubuhi, wali wa nazi au ugali mchana, viazi karai jioni. Mkifika ndani ya Ramadhani, ajue vibanda vingi havipiki mchana. Anunue mkate na matunda mapema, na ale chumbani, si akitembea barabarani. Mkate usiwekwe dirishani. Kunguru wa Mombasa hawana haya.

12. Ondoka. Saa kumi ikifika na kitanda kimetandikwa, aga. Wasalimie wenzake wa chumba kwa majina, chukua namba ya mmoja wao na ya msimamizi, kisha nenda. Usilale mjini ili kesho upite tena kuona. Mzazi anayerudi siku ya pili anamwaibisha mtoto mbele ya wenzake, na hakuna alichosahau ambacho hawezi kukinunua mwenyewe kwa pesa ulizomwachia.

Kuhusu pesa hizo: gawanya. Mpe za wiki mbili, nyingine mtumie baadaye. Na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, usiuhesabie chakula cha mwezi wa kwanza. Aombe mapema, lakini apange kama vile bado haujafika.

Mambo yakienda kombo

*Jina halipo kwenye orodha ya hosteli.* Msipige kelele langoni. Mwanafunzi aende na risiti na uthibitisho kwenye ofisi ya malazi, ambayo ndiyo yenye orodha kamili; mlinzi ana karatasi ya jana. Mizigo ibaki nawe kivulini.

*Kitanda kina mtu mwingine.* Hutokea. Wasigombane wenyewe. Wote wawili waende kwa msimamizi na karatasi zao.

*Godoro halitoshi.* Lirudishe siku hiyo likiwa na nailoni yake. Ndiyo maana usilitoboe nailoni kabla ya kulijaribu kwenye fremu.

*Kunguni wamejitokeza baada ya wiki.* Kunyunyiza dawa kitanda kimoja hakusaidii, watahamia cha jirani kisha warudi. Chumba kizima kikubaliane siku moja: nguo na shuka zifuliwe zianikwe juani, vyuma vya vitanda vimwagiwe maji yanayochemka kwenye maungio, na msimamizi aletwe aone, kwa sababu mara nyingi korido nzima inahitaji dawa.

*Homa.* Asijinunulie dawa ya malaria dukani kwa kubahatisha. Dengi na malaria huanza kwa kufanana. Aende zahanati ya chuo apimwe damu. Usiku, au zahanati ikiwa imefungwa, hospitali kubwa ya umma ni Coast General, ambayo wenyeji wengi wanaiita Makadara; kila mwenye tuktuk anaijua. Aende na mwenzake, si peke yake.

*Vipele vya joto shingoni na kwapani.* Karibu kila mgeni wa bara huvipata. Aoge mara mbili, avae pamba, aache mafuta mazito ya kupaka. Visipopungua, zahanati.

*Kufuli imegoma.* Ni chumvi. Asilazimishe ufunguo ukakatikia ndani. Tone mbili za mafuta ya cherehani kwenye tundu, asubiri kidogo, azungushe polepole huku na huku, kisha arudie kutia mafuta kila baada ya miezi kadhaa.